Salamu Ambazo Hazikuwemo Kitabuni

Mpendwa Baba Mdogo,

Leo nimekukumbuka ukiwa juu ya ngazi na brashi mdomoni, unabishana na meneja wa sinema aliyesimama chini juani, mikono kiunoni. Ulikuwa umemaliza bango la filamu mpya, kazi ya siku tatu, na yeye alikuwa na swali moja tu.

"Bunduki iko wapi?"

"Bunduki ya nini?" ukamjibu. "Huyu mtu bado hajawa jasusi."

Nilikuwa na miaka kumi na mbili, natoka shule, na nilitamani ardhi ipasuke nizame, maana nusu ya wanafunzi wenzangu walikuwa wamesimama hapo wanacheka. Sikujua wakati ule kwamba ulikuwa unabishania kitu kikubwa. Nilidhani ni ubishi wako wa kawaida, ule wa kubishana hata na redio.

Ulikuwa mchoraji wa mabango ya sinema pale Tanga. Filamu zilikuja ndani ya makopo ya bati pamoja na picha moja ndogo kama stempu, na mchoraji alitakiwa kuongeza mengine kwa akili yake. Wenzako walichora mwanamume mwenye kifua, mwanamke mwenye nywele na moto nyuma yao, tikiti zikauzwa. Wewe ulitaka usome kwanza. Na safari hii ulijiona una bahati, kwa kuwa filamu ilitokana na vitabu, na kimoja ulikuwa nacho. Ulikipata kwa mwalimu wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Hakikuwa na jalada na kilinuka mafuta ya taa. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha yule jasusi ambaye sisi nyumbani tulimwita Muuza Saa.

Filamu ilikuwa mpya kwetu tu. Huko ilikotoka ilikuwa imeshazaa watoto na wajukuu, filamu baada ya filamu, waigizaji wakizeeka na kubadilishwa. Lakini hii ndiyo ilikuwa mama yao wote, ya kwanza kabisa. Nawe ukapiga hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga, kwamba filamu ya kwanza itakuwa imetoka kwenye kitabu cha kwanza. Ukachora hoteli ya mji wa baridi, theluji dirishani, kengele ya shaba mezani, na kijana mwembamba mwenye sanduku la saa za kuuza. Mbele yake ukamweka bwana mmoja mtaratibu, kofia mkononi, ameinama kidogo anauliza jambo. Meneja aliposhikilia kwamba lazima bunduki iwepo, uliichora kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo ukaiweka mkononi mwa yule bwana wa kofia.

Watu walijaa. Taa zikazimwa, na kwenye pazia kikatokea kisiwa cha jua kali, mitende, magari yasiyo na paa, na jasusi ambaye tayari ni jasusi, suti imemkaa, bastola kwapani. Hoteli hakuna, theluji hakuna. Ukumbi mzima ukakaa saa mbili ukimsubiri bwana wa kofia. Taa zilipowashwa, muuza nyama wa sokoni akasimama juu ya kiti akapiga kelele, "Na Kofia? Kofia yuko wapi? Turudishieni Kofia wetu!" Mwaka mzima ukaitwa Mzee Kofia, na watoto wakakuimbia njiani.

Baadaye ulinieleza kilichotokea, ulivyosikia kwa watu waliokuwa wakileta makopo. Waliotengeneza filamu walianza na kitabu cha pili. Walikuwa watu wasio na uwezo, hakuna aliyeamini kwamba vitabu vile vitapendeza kwenye pazia, na kitabu cha kwanza kilikuwa na theluji kila ukurasa. "Jua unalikuta, mama," ukaniambia, "theluji lazima uitafute." Kwa hiyo wakaruka. Wakaanzia katikati, filamu ikapendwa kupita walivyoota, ikafuata nyingine, na dunia nzima ikampenda mtu bila kujua alianzaje. Jambo hilo lilikuudhi kuliko jina la Mzee Kofia. Ulisema waliruka sehemu pekee yenye maana.

Basi ukanisimulia wewe hiyo sehemu. Ilikuwa kibarazani, baada ya magharibi, mama mdogo akitukaangia mihogo, nawe ukifuta rangi kwenye kucha kwa kitambaa. Nimeisikia mara nyingi mno, naweza kuisema kwa sauti yako.

Muuza Saa hakuwa jasusi. Alikuwa kijana wa kawaida mwenye meza yake ukumbini mwa hoteli, akiuza saa kwa wasafiri. Kila asubuhi bwana mmoja akawa anapita, anavua kofia, anamsalimu.

"Habari za asubuhi, kijana?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri tu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anashukuru."

"Na baridi hii, mnaionaje?"

"Tumeshaizoea."

"Na yule fundi wa chumba namba tisa, naye ameizoea? Naona redio yake haizimwi."

"Ah, yule! Yule husikiliza stesheni za mbali, ndiyo starehe yake. Lakini saa mbili asubuhi utamwona anatoka."

"Haya, alhamdulillahi. Siku njema."

Nilikuuliza, "Baba Mdogo, Mzungu anasema alhamdulillahi?" Ukasema, "Huyu alisema." Nikacheka. Wewe hukucheka, ila mimi sikulitia maanani.

Siku ya pili chumba namba tisa kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa. Bwana wa kofia akarudi, na safari hii hakuuliza kitu. Alisema, "Ahsante, kijana. Umetusaidia sana." Hapo ukawa unainua kidole chenye rangi. "Hakupigwa," ulisema. "Hakutishwa. Aliulizwa hali, akajibu. Na ule ndio wakati alipokuwa jasusi, wakati aliposhukuriwa." Halafu ulikuwa unaingia ndani kunawa, na mihogo inapoa.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia wewe uliyelala udongoni miaka tisa, wala si mtu aliye hai.

Niko Doha, mwaka wa sita sasa. Nakaa mapokezi ya jengo refu huko The Pearl, zamu ya mchana. Nyuma yangu, kwenye chumba cha kamera, anakaa Otieno, Mkenya wa Kisumu. Mbele nakaa mimi, na daftari la wageni, na simu, na tabasamu. Msimamizi alinichagua kukaa mbele kwa kuwa nina maneno mazuri. Maneno hayo nimeyarithi kwako, kwa hiyo kama kuna lawama, tugawane.

Ghorofa ya kumi na nne anafanya kazi za ndani binti wa Kiganda, Sanyu. Ana miaka ishirini na nne na kicheko kinachomtoka kabla hajaamua kucheka. Familia anayoitumikia ilimruhusu kutoka Ijumaa asubuhi tu, kwenda kanisani, na akipita mezani kwangu alikuwa anasimama dakika mbili. Kidogo kidogo akanieleza yaliyomsibu. Mkataba wake uliisha tangu Ramadhani. Kila akiomba kwenda kwao anaambiwa wiki ijayo. Simu anapewa Ijumaa, jioni inarudi kwa mama mwenye nyumba. Kabla yake alikuwepo mwingine, na alipouliza yule alikwenda wapi, mama mwenye nyumba alimwambia aendelee kupiga pasi.

Mwezi uliopita akaja Bwana Faraji. Mtu wa makamo, kanzu imenyooka, harufu ya udi imemtangulia mlangoni. Alisema ni mandubu wa familia ile, yaani mtu wa kuwahangaikia karatasi zao maofisini. Nikamwambia kwa Kiingereza asubiri nipige simu juu. Akanitazama, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili, "Hiyo sauti ni ya Tanga, au masikio yangu yamezeeka?"

Baba Mdogo, miaka sita nazungumza Kiingereza cha mapokezi na Kiarabu cha kuombea radhi. Bwana huyu akaniambia yeye wa Pangani. Akaniuliza Ngamiani siku hizi pakoje, kama bado watu wanakula mkate wa ufuta wa moto. Nilitaka kulia. Kila alipopita alisimama, nasi tukasalimiana kama watu waliolelewa.

"Habari za tangu juzi, dada?"

"Njema."

"Za nyumbani Tanga?"

"Wazima, namshukuru Mungu."

"Na wenzako hapa kazini?"

"Hawajambo."

"Na yule mtoto wa Kiganda wa kwetu juu, maskini, anapata hata nafasi ya kupumzika?"

"Anapata. Ijumaa saa mbili asubuhi anatoka, anakwenda kanisani."

"Vizuri. Ana ndugu huku, au yuko peke yake?"

"Ana dada yake wa kikwao, anakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Akitoka kanisani hupita kwake akala."

"Haya, alhamdulillahi. Ugeni bila ndugu ni mzito."

Sikuona kitu. Mtu akikuuliza hali ya watu unaowajua, unamjibu. Usipojibu una kiburi, na mimi sikulelewa na kiburi. Ni Otieno aliyeona. Alitoka na kikombe chake cha chai akaegemea meza yangu.

"Madam, huyo jamaa ako na maswali mob. Mimi akiniambia niaje, namwambia poa, story imeisha. Nyinyi Watanzania hamsalimianangi, mnafanyana intavyuu."

Nikamwambia Wakenya hawana adabu. Akasema sawa, lakini hakuna mtu anajua yeye hukula wapi Ijumaa.

Jumapili iliyopita Bwana Faraji akaja, akasimama mbele ya meza, na hakuuliza hali ya mtu. Alisema, "Ahsante, dada. Umetusaidia sana."

Nikamuuliza, nimewasaidia nini? "Ratiba tu," akasema. "Watu wa juu walikuwa na wasiwasi na binti yao. Ijumaa hii akitoka, mtazame kama ana begi. Nitapita kukusalimia." Akaondoka taratibu, akamshikilia mlango bibi mmoja aliyekuwa akiingia na mbwa.

Nilikaa pale na sauti yako masikioni. Nikataka kujua jambo moja tu: Muuza Saa alifanya nini baadaye? Alitokaje? Hukuwahi kunisimulia. Kila mara uliishia kwenye ile ahsante ukaenda kunawa. Nikakitafuta kile kitabu kwenye simu, nikakipata, nikakisoma siku mbili ndani ya basi la kampuni, asubuhi kutoka Muaither, tunakolala, na jioni kurudi. Kiingereza changu kinatosha kwa hoteli na theluji.

Meza ya saa imo. Kengele ya shaba imo. Bwana wa kofia yumo. Lakini ile asubuhi ya kuulizwa, Baba Mdogo, ile uliyoisimulia mpaka mihogo inapoa, kitabuni ina mistari minne. Bwana anaingia, anaweka pakiti ya sigara mezani, anauliza mgeni wa chumba namba tisa hutoka saa ngapi, anajibiwa, anaondoka. Hakuna habari za asubuhi. Hakuna mama hajambo. Hakuna alhamdulillahi. Hakuna ahsante siku ya pili. Na mgeni wa chumba namba tisa ni daktari wa meno. Hana redio. Hakuna redio kitabu kizima, nilirudi nikatafuta.

Nikateremka kwenye basi nikasimama kando ya barabara, joto linapanda toka chini, nikajiuliza ni nani basi, katika maisha yako, alikuwa fundi na alikuwa anasikiliza stesheni za mbali.

Mzee Hamadi. Fundi wa mashine ya sinema, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyeondoka kabla sijazaliwa. Mimi nilimjua mkewe tu, Bi Mwanaisha. Ulikuwa unapita mlangoni kwake kila siku, na kila siku ulimsalimu, naye aliendelea kupepeta mchele wake. Hakuinua kichwa hata mara moja. Utoto wangu wote niliamini Bi Mwanaisha ni kiziwi. Siku moja nikamwona anacheka na mwuza maziwa, nikadhani amepona.

Nilimpigia mama mdogo. Nikamuuliza, Mzee Hamadi alikwenda wapi?

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Baba Mdogo alisalimiwa na nani?"

"Saumu," akasema, "mambo ya marehemu tumeyazika naye." Kisha, kabla hajakata, akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa hajui, mwanangu. Walimuuliza hali tu."

Nimekukasirikia. Niseme wazi, maana hutaweza kunijibu. Nimekukasirikia kwa sababu ulinipa onyo ukalivika koti la hadithi na theluji, ukanifanya nicheke. Ungeniambia, "Saumu, mimi nilimtoa mtu kwa mdomo wangu," ningelibeba neno hilo mpaka Doha. Badala yake ulichora bango. Ulimchora yule bwana ukubwa wa ukuta, ukampa bunduki, ukamtundika barabarani ili Tanga nzima imwone, na Tanga nzima ikakuita Mzee Kofia. Ilikuwaje, kuitwa hivyo kila siku? Nafikiri hilo kuliko mengine yote, na hasira inanitoka, inabaki huruma, kisha hasira inarudi. Nakupenda vilevile. Sijui niweke wapi mambo haya mawili.

Jumatano Sanyu aliteremka kuchukua mboga zilizoletwa kutoka dukani. Alikuwa na furaha. Akainama karibu na sikio langu.

"Dada Saumu, Ijumaa hii naenda. Sirudi hapa tena. Dada yangu ya Fereej amepanga kila kitu, Jumapili tunaenda kuomba msaada nirudi nyumbani."

Nikamwambia. Sikujua namna ya kulainisha, nikasema lote: Bwana Faraji, salamu, saa mbili, kanisa, Fereej Bin Mahmoud, begi. Nilimwona anaacha kunielewa, halafu anaanza kunielewa.

"Banange," akasema. "Ulimwambia mpaka kwa dada?"

"Nilidhani ananisalimia."

"Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, naona. Akashika mfuko wa mboga kwa mikono miwili kifuani. "Sasa mimi naenda wapi?"

Nikamwambia asingoje Ijumaa. Kesho, Alhamisi, saa nane mchana, familia ikiwa imelala baada ya chakula, ateremke kwa lifti ya mizigo na mfuko wa taka, mlango wa nyuma utakuwa wazi. Nikamuuliza ataelekea wapi ili nimtafutie mtu wa gari. Akanitazama. Sanyu hakuwahi kunitazama hivyo.

"Usiniulize. Ukijua, atakusalimia. Na wewe utajibu. Nyinyi ndio mko hivyo."

Ni kweli alivyosema. Ulimi hauna mfupa, wakubwa walisema, nami nilikuwa nikiirudia methali hiyo kwa wengine.

Alhamisi nilimweleza Otieno. Alikunywa chai yake mpaka chini, akafikiri. "Hiyo camera ya nyuma inasumbuanga," akasema. "Leo imesumbua tena, naona." Saa nane na dakika kumi nikafungua mlango wa mizigo. Sanyu akatoka na mfuko mweusi wa taka begani, na ndani yake kila alichonacho. Nilitaka kumkumbatia. Alipita pembeni yangu bila kunigusa, akavuka sehemu ya malori juani, hakukimbia, akakunja kona. Sikuandika kitu daftarini. Ni mara ya kwanza katika miaka sita daftari langu linasema uongo.

Jana, Ijumaa, saa mbili kasorobo, Bwana Faraji alikuwa tayari amesimama nje ya mlango wa vioo. Alisimama mpaka saa nne. Hakuangalia saa, hakupiga simu, alisimama tu na joto lile, kanzu haikumkunjamana. Saa nne akaingia. Ukumbi ulikuwa mtupu, maji ya ile chemchemi ya mapambo yanasikika. Akaweka viganja viwili juu ya meza yangu.

"Habari za asubuhi, dada."

Baba Mdogo, unajua ugumu wake? Koo lenyewe linajibu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalibana.

"Za kazi?"

Nikaangalia daftari.

"Za Tanga? Wazee hawajambo?"

Nikahesabu mistari ya daftari. Nilimfikiria Bi Mwanaisha na ungo wake, miaka yote ile, na nikajua alikuwa akifanya kazi nzito kiasi gani kila ulipopita. Bwana Faraji akangoja. Hakukasirika. Hata huzuni kidogo nilimwona nayo, ya mtu aliyevunjiwa heshima na ndugu yake.

"Hakuna neno," akasema mwishowe. "Kila mtu ana siku zake." Akatengeneza kofia yake ya mkono. "Basi nisalimie watu wa Muaither. Na Bi Zuhura mwambie mguu ule auinue juu akilala, uvimbe utapungua."

Akashika njia akatoka.

Sijawahi kumwambia nakaa Muaither. Na Bi Zuhura, Mzanzibari mpishi wa hoteli, mkubwa wetu chumbani, aliteleza bafuni Jumanne. Waliojua habari ya mguu huo ni sisi sita tunaolala chumba kimoja, basi. Tumekula sahani moja miaka mitatu. Nimewahesabu mmoja mmoja, na kila mmoja nimemkuta hana kosa, ila ana adabu, na akisalimiwa anajibu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ukivua nguo zote utabaki na nini?

Nambari ya Sanyu haipatikani tangu Alhamisi. Dada yake wa Fereej alimwambia Otieno kwamba jana mchana wanaume wawili walibisha mlangoni, wakauliza hali yake vizuri sana, wakaomba maji, wakanywa, wakaenda. Sanyu hakuwa pale. Yuko wapi, sijui, na nimeomba Mungu nisijue. Nikijua nitakuwa hatari kwake. Ni dua ya ajabu kumwombea mtu unayempenda, lakini ndiyo niliyonayo.

Leo Jumamosi ni siku yangu ya kupumzika. Nakuandikia nimekaa kitandani, mgongo ukutani, ili niwaone wote. Nilitaka kukuuliza kama ulipata kujua mwisho wa Mzee Hamadi, na kama ulianza tena kuwajibu watu bila kufikiri, na ilichukua muda gani. Umelala na majibu yako. Pumzika nayo, Baba Mdogo, sina nguvu ya kukuhukumu na sina haki.

Bi Zuhura ameinua kichwa kutoka kwenye kitanda chake, mguu juu ya mto. Ameniuliza, kwa upole wake uleule wa siku zote, "Saumu mwanangu, habari za kazi? Yule mtoto wa Kiganda hajambo?"

Ananitazama, anangoja nimjibu.

Mwanao, mtoto wa kaka yako